Vikombe vya Maziwa Mjini Fes

Kila mwaka hufika katika ofisi ya msikiti wetu hapa Tanga mume na mke ambao Allah (s.w.) hajawajaalia mtoto. Huketi kwenye benchi refu la mbao, huzungumza kwanza habari za mvua na bei ya mchele, kisha mmoja wao, mara nyingi mke, huuliza kwa sauti ya chini: je, yafaa kumchukua mtoto wa watu tukamlea kama wetu? Kazi yangu nikiwa katibu wa kamati ni kuwaandikia barua na kuwapangia siku ya kuonana na imamu. Lakini kabla sijashika kalamu huwasimulia safari iliyoipata familia yetu mwaka 2011 katika nchi ya Moroko. Nimeisimulia mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora niiandike.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 24, nikisoma Sharia mjini Fes kwa ufadhili wa masomo. Mke wangu alikuwa amenifuata mwaka uliotangulia, na binti yetu wa kwanza alizaliwa huko huko Januari 2011. Tulipanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya mjane mmoja ndani ya mji mkongwe, si mbali na lango la Bou Jeloud, lango ambalo ukilitazama kwa nje lina vigae vya buluu na ukilitazama kwa ndani lina vigae vya kijani.

Aliyekulia Ngamiani, ambako barabara zimenyooka na kila moja ina namba yake, hupotea Fes siku ya kwanza, na ya pili, na ya thelathini. Vichochoro vingine ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hawapishani. Magari hayaingii, mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na mwenye mnyama hupaza sauti "balak! balak!", yaani jihadhari, nawe huna budi kujibana ukutani mpaka apite. Asubuhi watoto hupita wamebeba mbao zenye madonge ya unga yaliyofunikwa kitambaa, wakiyapeleka kwenye tanuri la mtaa yakaokwe. Katikati ya msukosuko huo umetulia msikiti wa al-Qarawiyyin, ambao kwa mapokeo ya wanahistoria ulianzishwa mwaka 859 na bibi mmoja tajiri, Fatima al-Fihri, kwa mali aliyoirithi kwa baba yake. Nilikuwa nikisali humo, wenyeji Wamaliki wakiwa wamesimama mikono yao imeshuka ubavuni, nami Mshafi wa pwani nimeifunga yangu, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza kwa nini.

Katika Ramadhani ya mwaka huo, iliyoangukia mwezi Agosti, dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Marseille. Dada ameolewa na Mngazija mzaliwa wa Unguja ambaye ndugu zake walihamia Ufaransa, na mji ule wa bandari una maelfu ya Wangazija. Shemeji ni dereva wa basi la abiria. Dada hufanya kazi katika jiko la shule. Walikuwa wameishi katika ndoa miaka 11 bila mtoto. Walikwisha kwenda hospitali, walikwisha kusomewa, walikwisha kunywa kila kilichopikwa na kila bibi. Siku ile dada hakulia kama alivyozoea. Alisema tu: "Mdogo wangu, tumeamua. Tunakuja huko uliko. Wewe ndiye utakayekuwa ulimi wetu."

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo wasomaji wengi hulichanganya. Kumlea yatima au mtoto aliyetupwa ni ibada kubwa, na Mtume (s.a.w.) aliunyoosha mkono wake akaonyesha kwa vidole viwili jinsi mlezi wa yatima atakavyokuwa karibu naye Peponi. Kinachokatazwa ni kumpachika mtoto nasaba isiyo yake. Zayd bin Haritha (r.a.) aliitwa Zayd bin Muhammad mpaka iliposhuka amri katika Surat al-Ahzab ya kuwaita watoto hao kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wawe ndugu zetu katika dini. Malezi ya namna hiyo, yasiyofuta jina la mtoto, ndiyo yaitwayo kafala. Sheria ya familia ya Moroko ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba kuasili mtoto kwa namna ya kumfanya mwana wa damu ni batili, na Sheria Namba 15-01 ya mwaka 2002 ndiyo inayopanga jinsi mtoto aliyetelekezwa anavyokabidhiwa kwa mlezi. Wakati ule Muislamu aliyeishi nje ya nchi aliweza kuomba, nao wengi kutoka Ufaransa na Hispania walikuwa wakiomba.

Dada na shemeji walishuka Fes katikati ya Septemba wakiwa na sanduku moja la nguo na moja la karatasi. Hati ya mishahara, hati ya kutokuwa na kosa la jinai, vyeti vya daktari, cheti cha ndoa kilichotafsiriwa mara mbili. Sanduku la karatasi lilikuwa zito kuliko la nguo.

Tulielekezwa kwenye makao ya watoto yaliyokuwa Meknes, safari isiyofika saa moja kwa treni. Njia yote ni mashamba ya mizeituni na mizabibu, ardhi ya rangi ya kahawia iliyochanwa na plau. Tulishuka tukapanda teksi ndogo ya buluu mpauko, maana huko kila mji una rangi ya teksi zake na zile za Fes ni nyekundu, tukapita mbele ya lango kubwa la Bab Mansour lililokamilishwa mwaka 1732. Shemeji, ambaye ni mtu wa kupiga picha hata za mabehewa, hakulitazama. Alikuwa ameshika mkoba magotini akisogeza midomo yake kwa dhikri.

Makao yale yalikuwa safi. Nalisema hili kwanza kwa sababu wengi hudhani vinginevyo. Sakafu zilipigwa deki, vitanda vilikuwa na mashuka yaliyonyooshwa, walezi walivaa makoti meupe na walikuwa wakicheka na watoto. Lakini walezi walikuwa wachache na watoto walikuwa wengi, na mtoto yeyote aliyejua kutembea alituvamia miguuni akinyoosha mikono abebwe. Walimwita kila mwanamke "mama". Kwa mwanamume hawakuwa na neno. Shemeji, mwenye ndevu na sauti nzito, aliposema "assalaam alaykum", watoto watatu waliangua kilio.

Mlezi mkuu alitufafanulia mambo kwa upole, nami nikatafsiri. Si kila mtoto aliyekuwa pale angeweza kutolewa. Wengine wana mama zao waliowaacha kwa muda na huja kuwatazama. Anayeweza kukabidhiwa ni yule tu ambaye mahakama imemtangaza kuwa ametelekezwa. Aliongeza kwamba waombaji wengi huomba wasichana, kwa hiyo wavulana hubaki muda mrefu. Kisha akamtazama dada, akautazama mkono wake, akasema kwa nia njema kabisa kwamba yupo mtoto mmoja mwenye rangi inayokaribiana na yao. Nilisita kutafsiri. Dada aliniuliza amesema nini, nikamwambia. Akajibu: "Mwambie sikuja kununua kitambaa."

Mtoto waliyepewa kumtembelea alikuwa mvulana wa miezi 21, mweupe, nywele zake za msokoto, mwenye tabia ya kunyonya kona ya mto. Jina lake sitalitaja, kwani hadithi hii ni yake kabla haijawa yetu. Aliokotwa katika siku za mwanzo za Muharram 1431, yaani Desemba 2009, kitovu chake kikiwa bado kibichi. Sheria ya usajili ya huko inataka mtoto asiyejulikana wazazi apewe jina lake na jina la baba lenye kuanza na "Abd". Hivyo naye alikuwa na baba katika karatasi: mja wa Allah, na zaidi ya hapo hakuna.

Faili lake lilikuwa na tangazo. Kabla mtoto hajatangazwa kuwa ametelekezwa, habari zake hubandikwa katika ofisi za serikali za mahali pale alipookotwa kwa muda wa miezi mitatu, ili kama mama au jamaa yupo ajitokeze. Miezi mitatu hiyo ilikwisha kupita zamani na hakuja mtu. Dada aliomba nimsomee karatasi ile neno kwa neno. Ilikuwa na mistari michache tu: jinsia, mahali, siku, nguo alizokutwa nazo. Alikutwa amevalishwa sweta la kufumwa kwa mkono. Dada alilirudia neno hilo, "la kufumwa kwa mkono", kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Tukaanza kusubiri. Kamati ya uchunguzi inayotajwa na sheria ina mjumbe wa mwendesha mashtaka, mjumbe wa wizara ya wakfu na mambo ya Kiislamu, mjumbe wa serikali ya mtaa na mjumbe wa mamlaka ya watoto. Walitaka kujua kama waombaji ni Waislamu kweli, kama wana uwezo, kama hawana ugonjwa wa kuambukiza, kama wataweza kumlea mtoto katika dini. Shemeji aliulizwa nguzo za sala akazijibu kwa Kiarabu cha chuoni Unguja, mjumbe wa wakfu akatabasamu. Maswali hayakutuchosha. Kilichotuchosha ni "rudini wiki ijayo". Oktoba ikaisha. Makomamanga yakajaa sokoni, kisha yakaondoka, zikaja zeituni mpya. Idi ya kuchinja ikatukuta bado hatuna hukumu, na moshi wa vichwa vya kondoo vikibabuliwa vichochoroni ulikaa katika nguo zetu siku tatu. Likizo ya shemeji ilikuwa imekwisha mara moja na kuongezwa mara moja. Hakukuwa na nyongeza ya tatu.

Ndipo akatokea mtu. Sitasema alikuwa nani wala wa wapi. Alikuwa akikaa mkahawani karibu na mahakama, akisikiliza shida za waombaji, na alizungumza Kifaransa kizuri. Alimwambia shemeji, bila mimi kuwapo, kwamba kwa dirhamu kadhaa angeweza kupata hati ya uzazi ya mtoto mwingine, mchanga zaidi, iliyoandikwa kwamba dada amejifungua hapo hapo Moroko. Hakuna kamati, hakuna kadhi, hakuna viza ya matata. Mtoto angeingia Ufaransa kwa jina la shemeji.

Usiku ule shemeji alinieleza juu ya paa la nyumba yetu, kukiwa na baridi. Nikamwambia maneno ya darasani: kwamba hiyo ni nasaba ya uongo, kwamba mtoto huyo angerithi asichostahili na kunyimwa anachostahili, kwamba huenda siku moja akamposa dada yake wa damu bila kujua. Nilisema vizuri, nadhani, na kwa dalili. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Shemeji, wewe binti yako amelala hapo ndani. Ni rahisi kwako kuyasema hayo."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninapowaona wale wanaokaa kwenye benchi la ofisi yetu, nayakumbuka maneno hayo kabla sijafungua kinywa.

Tulikaa kimya. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyezungumza, wala hakutaja aya wala hadithi. Alisema: "Yule aliyefuma lile sweta. Tuseme anakuja baada ya miaka 10 kuulizia. Kwa njia ya mahakama, jina lipo katika daftari, atamfuata. Kwa njia ya yule bwana, hakuna mtoto, hakuna mama, hakuna kitu kilichotokea." Akanyamaza tena. "Yeye hakumficha. Alimwacha mahali pa watu." Asubuhi hakwenda mkahawani.

Lilibaki jambo moja, nalo ndilo lililoifanya safari ya dada kuwa safari yangu pia. Mvulana huyu angekua. Akishabaleghe, dada angekuwa kwake mwanamke wa kando: hijabu ndani ya nyumba yake mwenyewe, wasikae faragha, wasisafiri pamoja. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo na walilijua pia suluhisho lake, nalo ni ziwa. Mtoto aliyenyonya kabla ya kutimiza miaka miwili huharimika kwa aliyemnyonyesha na kwa jamaa zake kama anavyoharimika wa damu, isipokuwa hapati mirathi wala nasaba. Dada hakuwa na maziwa. Lakini mke wangu alikuwa akimnyonyesha binti yetu. Mvulana akinyweshwa maziwa ya mke wangu, angekuwa mwanangu wa kunyonya, kwa kuwa maziwa ya mke ni ya mumewe pia katika hukumu hii, na dada yangu angekuwa shangazi yake. Na shangazi ni maharimu.

Mwezi ule wa Oktoba nilikwenda kwa mmoja wa masheikh wangu, Mmaliki, mzee wa jelaba ya sufu. Alicheka kwa furaha. Kwa madhehebu yake hata tone moja likifika tumboni latosha. Lakini aliniuliza kama mtoto bado hutegemea maziwa, kwani kwa Wamaliki mtoto aliyekwisha kuachishwa na kutosheka kwa chakula hazingatiwi tena hata kama hajafika miaka miwili. Nikamwambia hupewa chupa asubuhi na jioni. Akasema vema. Mimi hata hivyo ni Mshafi, na kwetu ni mara tano zilizo mbalimbali. Yamo zaidi ya hayo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho vyuo vyetu vya pwani vinakijua: maziwa yakikamuliwa mara moja yakanywewa kwa mara tano, huhesabiwa mara moja. Ni lazima kukamuliwa kuwe mara tano na kunywewa kuwe mara tano.

Kumwambia mke wangu ilikuwa kazi nyingine. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alinisikiliza akiendelea kukunja nguo, kisha akauliza swali ambalo masheikh hawakuniuliza: "Na kama mtoto wetu akipungukiwa?" Binti yetu alikuwa wa miezi 10, mnyonyaji hodari. Halafu akauliza: "Ukishakuwa baba yake, na dada akifariki kabla yako, atarudi kwa nani?" Nikasema nadhani kwetu. Akasema, "Usidhani. Sema." Nikasema kwetu. Akampigia simu mama yake Pangani, wakazungumza muda mrefu. Aliporudi alisema tu kwamba mama amemwambia ale ufuta na anywe uji mwingi. Kisha akaenda kwa dada, akamwita wifi, wakafungiana chumbani, na mimi sikuhitajika tena.

Hukumu ilitoka katika wiki ya uchaguzi wa Bunge, uliofanyika Ijumaa tarehe 25 Novemba 2011. Alhamisi tulikabidhiwa mtoto. Mlezi mkuu alimbusu kwenye paji la uso, akageuka haraka akaanza kumkemea mtu kuhusu ndoo. Katika treni mvulana alitazama dirishani bila kulia. Kila aliyepita alimtazama yeye, kisha akamtazama dada, kisha akamtazama yeye tena. Mkagua tiketi aliomba karatasi. Shemeji akafungua sanduku lote.

Shemeji alikuwa akihesabu kwa kalenda ya Ulaya, na kwa hesabu hiyo zilibaki zaidi ya wiki tatu mtoto atimize miaka miwili. Nikamkumbusha kwamba hesabu ya jambo hili ni ya miezi ya mwandamo. Miaka miwili ya hijria ni pungufu ya miaka miwili ya miladi kwa siku zipatazo 21. Muharram 1433 ilikuwa inaandama mwisho wa wiki ile ile. Tulikuwa na siku tatu au nne.

Kikombe cha kwanza kilinywewa Ijumaa asubuhi, nje kukiwa na vipaza sauti na watu wakielekea vituo vya kura. Mke wangu alikamua faraghani, dada akapokea, mtoto akanusa, akatazama pembeni, akanywa nusu, akapumzika, akamaliza. Cha pili kilikuwa baada ya Alasiri. Cha tatu Jumamosi alfajiri. Niliandika kila kimoja katika karatasi: saa, siku, aliyekamua, aliyenywesha. Mashahidi walikuwa wanawake wanne, idadi inayotosha katika jambo hili: dada, mjane mwenye nyumba na binti zake wawili, ambao walilichukulia shauri hili kama harusi na kupika kuskusi. Kikombe cha nne mvulana alikipiga kwa mkono, maziwa yakamwagika, mengine kifuani kwake, mengine juu ya karatasi yangu. Alikuwa amemeza kidogo. Je, hiyo ni mara moja? Nilikaa nikifungua kitabu na kukifunga. Mke wangu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi, alisema: "Wewe tafuta qauli. Mimi naenda kukamua kingine." Hivyo vikawa sita. Cha mwisho kilinywewa Jumapili kabla ya Adhuhuri.

Shemeji alirudi Marseille Jumatatu. Dada na mtoto walibaki kwetu wakisubiri viza, na viza ilichukua baridi yote. Sijui kama nyinyi wasomaji wa pwani mwaijua baridi ya Fes, nyumba za mawe zisizo na moto, maji ya udhu yanayokata vidole. Watoto wawili walilala chini ya blanketi moja. Mvulana alijifunza neno "baba", akaniita hilo mimi, dada akasema mwache, si uongo. Kufikia Machi 2012 waliondoka.

Mlango ule haukukaa wazi. Uchaguzi wa siku ile ya kikombe cha kwanza ulileta serikali mpya, na Septemba 2012 Waziri wa Sheria, Mustafa Ramid, alitoa waraka akiwaelekeza waendesha mashtaka wasikubali maombi ya walezi wa kigeni wasioishi Moroko. Sababu zilikuwa za kueleweka: mtoto akishavuka bahari, kadhi hawezi kumfuatilia, na nchi nyingine huigeuza kafala kuwa kuasili. Mimi niliona udhaifu wa hoja hiyo na nguvu yake kwa pamoja. Nguvu yake ni yule bwana wa mkahawani. Udhaifu wake ni wale wavulana waliobaki wakinyoosha mikono.

Ufaransa nako shauri halikuisha. Sheria yao ya mwaka 2001 hairuhusu kumuasili mtoto ambaye sheria ya nchi yake inakataza, mpaka atakapopata uraia wa Ufaransa. Muda wa malezi uliotakiwa ili aombe uraia ulikuwa miaka mitano, ukapunguzwa kuwa mitatu mwaka 2016. Mvulana alipoupata, wakili mmoja aliwashauri wamuasili kikamilifu: cheti kipya cha kuzaliwa, jina la shemeji, la zamani lifutwe. Shemeji alikataa. Badala yake aliandika wasia, ndani ya theluthi ambayo Sharia inamruhusu mtu kumwachia asiye mrithi, na kodi ya serikali aliamua kuibeba. Dada aliniambia kwamba wakili aliwatazama kama watu wasiompenda mtoto. Hilo lilimuuma kuliko kodi.

Huku kwetu mambo hayahitaji kuvuka bahari. Zanzibar iliitambua kafala katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2011, na Kenya katika ile ya mwaka 2022. Bara tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na maofisa wa Ustawi wa Jamii, ambao ndio mlango wa kupitia. Wapo kati yetu wanaochukua mtoto kimyakimya hospitalini na kumwandikisha kwa jina lao, wakidhani wanamfanyia hisani. Watu hao si wabaya. Nimeketi nao, na wengi wao wana machozi yale yale ya shemeji juu ya paa.

Mwaka jana, likizo ya shule, mvulana alikuja Tanga na dada. Ana urefu wa kunipita na Kiswahili chenye lafudhi ya Kingazija. Tulipofika kutoka stendi ya Kange, binti yangu alikuwa uani kichwa wazi akifua, na jirani aliyekuwa naye akaruka na kanga kumfunika. Binti akacheka akaiondoa. "Huyu ni kaka yangu," alisema, "tumenyonya pamoja." Jirani akamtazama mvulana mweupe, akamtazama binti, akanitazama mimi, kama yule mkagua tiketi.

Usiku aliomba kuiona karatasi. Ninaihifadhi katika bahasha pamoja na vyeti vya watoto wangu. Aliifungua mezani chini ya taa, akafuata mistari kwa kidole, saa na siku. Akafika kwenye doa la rangi ya chai lililofuta nusu ya mstari wa nne.

"Na hapa nani aliharibu?" aliuliza.

"Wewe," alisema mama yake wa kunyonya kutoka jikoni. "Ndiyo maana kuna wa sita."